Marehemu wa Kwenye Kaseti

Juzi mjukuu wangu wa kike alirudi likizo na mfuko wa mitumba. Alipoufungua tu pale sebuleni, ile harufu ya dawa ya nondo ikanipiga puani, nikapiga chafya mpaka kuku wakatoka chini ya kochi. Akachomoa fulana nyeusi, akaitandaza mbele yangu kama anayeuza kitenge. "Bibi, cheki hii. Hii ni noma." Nikaiangalia. Maandishi yamesokotana kama mizizi ya mbuni uliong'olewa, na katikati ya mizizi kuna msalaba. Nikaichukua, nikaigeuza juu chini, nikailaza vizuri mapajani.

"Bibi! Umeishika kichwa chini!"

"Kichwa chini mwenyewe. Msalaba si huo umesimama?"

Akacheka mpaka akakaa. Halafu akaanza kunifundisha, kwa ile sauti yao ya kuongea na vizee, utadhani anabembeleza paka ashuke darini. "Bibiii, hawa wanaitwa bleki meto. Ni wanamuziki wa Ulayaaa. Huwezi kuwaelewa. Wako wa aina nyiiingi." Nikamwambia sawa mama, aika, asante, hebu basi nisaidie: hawa wa fulana yako ni wale wa vinanda vingi na kwaya, au ni wale wa kulia peke yao?

Mtoto alibaki mdomo wazi, inzi angeweza kuingia akapanga chumba.

Sasa ninyi wa rika langu, mliokua wakati nguo mpya ni ile inayonuka dawa ya nondo, na betri za redio zinaanikwa juani pamoja na kahawa, kaeni niwaambie nilivyowajua hao watu kabla mama yake huyu mtoto hajazaliwa.

Tulikuwa tunakaa Old Moshi, huku juu, ukishuka unatokea Kiboriloni sokoni. Nililelewa na Babu na Bibi, wazazi wa baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa Mererani anachimba mawe, kila akija anasema "safari hii natoka," na hatoki. Shule mimi niliiona kwa nje. Babu mguu ulikuwa mbovu, Bibi mgongo, na ng'ombe wa zizini hajui kwamba watoto wa watu wanasoma, yeye anataka majani. Kwa hiyo wenzangu wakipita asubuhi na sare zao, mimi napita na mzigo wa majani kichwani, tunapishana njiani kama nyumbu na watalii.

Kwaya ndiyo ilikuwa shule yangu. Jumamosi mchana watoto wote wa usharika wanakusanyika kanisani, na pale hakuna anayekuuliza uko darasa la ngapi. Unasimama tu kwenye mstari, bega kwa bega na wenzako. Nilikuwa nasubiri Jumamosi kama ng'ombe anavyosubiri chumvi.

Shida ilikuwa sauti. Surua ilinishika nikiwa mdogo, ikaondoka na sauti yangu ikaniachia ya kwake. Mnaisikia hii hii, ndiyo nilikuwa nayo nikiwa binti mdogo wa kusuka nywele. Watoto waliniita Mashine, mashine ile ya kusaga mahindi. Nikisalimia, "Shikamoo Mama," mama anageuka kutafuta mzee gani wa kiume anamwamkia.

Mwalimu wa kwaya alikuwa anaitwa Mwalimu Elia. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa, na anaongelea puani kama mtu aliyebanwa pua na mlango. Jumamosi moja akasimamisha wimbo, akaja na sikio lake mstari mzima, anainama kwa kila mtoto. Akafika kwangu akainuka.

"Mnh. Binti. Wewe Mungu amekupa mikono mizuri."

"Ndiyo Mwalimu."

"Mnh. Basi nenda nayo nyumbani."

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka ili wasijue. Nikapita mlangoni nikiwa nacheka, nikashuka njia yote nikiwa nacheka, nikaingia zizini nikamkumbatia ng'ombe shingo, hapo ndipo nikaacha kucheka.

Haikupita muda Babu akashuka Kiboriloni kutafuta koti. Alikuwa mzee wa kanisa, na mvua za huku juu mnazijua, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mimi nilikwenda naye kumbebea kapu. Mitumba ilikuwa imemwagwa chini kwenye maturubai, na sisi tulikuwa tunaiita kafa-ulaya, maana watu wazima walituambia Mzungu akifa, ndugu hawagawani nguo, wanazifunga marobota wanatuletea sisi. Kila nguo na marehemu wake. Bibi hakuvaa gauni kabla hajaliombea, "Mama uliyekufa, asante, lala salama," ndipo analivuta kichwani.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye mdomo kama cherehani. Alivyomuona Babu na kofia yake na fimbo, akazamisha mkono kwenye lundo akatoka na koti. Refu mpaka kwenye vifundo, la ngozi, jeusi tii, na mabegani limepigiliwa vyuma vyuma vyenye ncha.

"Mzee wangu! Mzee wangu mwenyewe! Hili lilikuwa linakuita tangu asubuhi. Angalia urefu, angalia rangi. Hili ni koti la mchungaji hili!"

Babu akakohoa. Alikuwa hasemi kitu kabla hajakohoa. "Ehe-hem. Mchungaji gani anavaa misumari?"

"Mzee, Ulaya kuna theluji! Theluji inakaa mabegani. Ikifika hapo inachomwa inadondoka!"

Babu akaangalia juu, mlima ulikuwa wazi siku hiyo, theluji ile pale kileleni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo. Tukarudi na koti.

Nyumbani Bibi akalipokea kwa ncha za vidole. Akaliombea. Halafu akaanza kupekua mifuko, maana Bibi kwa kupekua mifuko alikuwa amepewa kipaji. Ndani ya mfuko wa kifuani, karibu na moyo, akatoa kaseti.

Tulikaa watu watatu kwenye benchi la jikoni tunaishangaa. Mbele, ile mizizi na msalaba. Nyuma, picha ya mtu. Uso mweupe kama umepakwa unga, macho yamezungushiwa weusi, mdomo umekauka, na amevaa koti kama lile lile letu.

Bibi akashika kifua. "Ruwa wangu, Mungu wangu. Ndiye huyu. Huyu ndiye marehemu mwenyewe."

Na hapo mwenzangu usicheke, maana hata wewe ungesema hivyo. Siku hizo msiba bila mpiga picha haukuwa msiba. Jeneza linafunguliwa, marehemu anapigwa picha, na huwa hivyo hivyo, uso mweupe, macho yamezama. Tofauti ya huyu ni kwamba alikuwa amesimama.

"Wazungu huwasimamisha," Babu akasema. Alikuwa hajui. Ila alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akiulizwa hasemi sijui.

Lakini kulikuwa na shida nyingine. Ukimsimamisha marehemu vizuri, kichwa juu miguu chini, halafu ukigeuza kaseti upande wa mbele, msalaba unakuwa umeanguka kichwa chini. Maandishi hayakutusaidia. Mimi sijui kusoma, Bibi hajui, Babu anajua, na Babu aliyazungusha pande zote nne akasema ni mizizi tu. Ikawa kesi. Bibi anasema, "We mzee, msimamishe mtu wa watu! Damu itamshukia kichwani!" Babu anasema ngoja kwanza. Akakohoa muda mrefu kuliko kawaida, akatoa hukumu.

"Kati ya mtu na msalaba, unanyoosha msalaba."

Basi tukanyoosha msalaba. Kaseti ikakaa juu ya kabati imeegemezwa ukutani, na marehemu wetu nyuma yake, kichwa chini miguu juu. Bibi roho ilimuuma. Babu akamtuliza, akamwambia si kwamba ameanguka, mama, hapo anapaa, ila ametanguliza miguu.

Mchana ule ule tukatoa betri juani, tukaziingiza kwenye redio kaseti, Babu akavua kofia, akabonyeza.

Kwanza upepo. Upepo wa kwenye baridi, ule unaoufahamu ukiwa umelala na bati halijapigiliwa vizuri. Kengele ya kanisa, ngo, ngo. Halafu kinanda. Jamani, kinanda kile! Cha kanisani kwetu kilikuwa kinapuliza kama mzee mwenye pumu, hiki kilikuwa kinafungua mbingu. Na kwaya nyuma yake, akina mama wengi sana, aaaaa, aaaaa. Babu akafumba macho. Akasema, "Mnaona? Walutheri hao."

Hapo hapo ikaja mvua ya mawe juu ya bati, ngoma zinakimbizana, magitaa yanaunguruma kama lori la kahawa linapanda mlima bila gia, na katikati yake mtu akafungua koo. Bibi aliangusha upawa kwenye mtori. Yule mtu hakuimba. Alikuwa anakwaruza, anakoroma, anapiga ukwenzi kama nguruwe anayejua leo ni sikukuu ya nani.

"Ni mfiwa huyo," Bibi akasema, machozi tayari. "Amezidiwa. Mwacheni alie. Kwaya inamsindikiza."

Tukageuza upande wa pili. Huko kwaya haikuwepo. Gitaa moja, polepole, kama mtu anatembea kwenye matope hana anakokwenda, na mtu yule analia peke yake. Analia, ananyamaza, unasikia anavuta pumzi, anaanza tena. Bibi alishusha khanga usoni na yeye akamsaidia. Na Bibi akilia alikuwa halii kichoyo.

Sasa nyumba za huku zinasikilizana kupitia migomba. Hatujamaliza upande huo, nikasikia kelele njiani. Jirani yetu Mama Ndeshi anakuja anakimbia, khanga imemtoka kiunoni, mikono kichwani: "Uuuwi! Mzee ametutoka! Mzee wa watu! Jana tu amenisalimia!" Akajitupa uani, akabiringika kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye banda la kuku. Nyuma yake wanawake wengine, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na kuni, mwingine na ndoo ya maziwa, kama kawaida ya msiba. Mama Ndeshi akabiringika kurudi, akafumbua jicho moja, akamuona Babu amesimama mlangoni na koti lake jipya.

Akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

"Mbe, mzee wangu," akasema chini chini, bado amelala. "Si umekufa?"

"Ehe-hem. Sijafa."

"Sasa nani amekufa?"

"Mchungaji."

"Uuuwiii! Mchungaji wetu!"

"Wa Ulaya."

Mama Ndeshi akakaa. Akajipangusa majani. Akawaangalia wenzake, akaangalia ndizi. Kurudi na ndizi za msiba nyumbani ni mkosi, kila mtu anajua. Basi akauliza kwa heshima, "Alikuwa na watoto?" Bibi akasema sikiliza mwenyewe wanavyolia. Wakaingia, wakakaa, tukapika, tukala, tukamlilia mtu wa watu mpaka saa ya kukamua. Ulikuwa msiba mzuri. Tangu siku hiyo kaseti ikawa ya nyumba nzima, na wazee wangu waligombania upande. Babu anataka upande wa vinanda na kwaya, Bibi anataka upande wa kulia peke yake. "Weka kwaya!" "Weka mfiwa!" Na kila mmoja akishinda, mwenzake anakwenda kununa shambani kwenye kahawa.

Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Wale wote walisikia kilio. Mimi nilisikia sauti yangu.

Ilikuwa yangu kabisa, ile ya surua, ile ya mashine, imekaa katikati ya kinanda kikubwa na akina mama wa kwaya, na hakuna mtu anakuja na sikio lake kuiondoa. Wamemzunguka. Kinanda kinamngoja. Nikasema kumbe! Kumbe huko kanisa lilikotoka, watu wa sauti yangu ndio wanaopewa katikati! Mwalimu Elia hajui tu, hajafika huko. Nikajifunza kaseti yote. Nikienda kukata majani nakoroma, nikirudi nakoroma, zizini nafanya mazoezi. Ng'ombe wiki ya kwanza alipunguza maziwa, wiki ya pili akazoea, baadaye nisipokoroma hashushi.

Nikamwambia Babu, twende kwa Mwalimu. Babu akanitazama, akatazama kaseti. Hakuniuliza kwa nini. Jumamosi akavaa koti, akabeba redio, mguu wake mbovu vile vile, tukapanda kanisani. Watoto walipoona vile vyuma vya mabegani walijipanga bila kuambiwa.

"Mwalimu Elia, Bwana asifiwe."

"Mnh. Amina, Mzee."

"Tumekuletea uimbaji wa Ulaya."

Akabonyeza. Nilikuwa namwangalia Mwalimu Elia usoni. Kinanda kilipoingia alitabasamu. Kwaya ilipoingia akaanza kupiga mkono hewani, moja, mbili. Mfiwa alipofungua koo, mkono ukabaki hewani. Lakini Mwalimu Elia aliwahi kufundishwa muziki na Wazungu, na kila siku alikuwa anatukumbusha. Angesema nini mbele ya watoto? Akashusha mkono polepole, akajikuna nao sikio.

"Mnh. Hii... hii ni ile ya kaskazini."

"Unaijua?"

"Naijua sana. Mnh. Hawa ni sauti ya tano."

"Mjukuu wangu anayo hiyo."

Ndivyo nilivyorudi kwenye mstari. Tena siyo kurudi kimya kimya. Kulikuwa na wageni wanakuja sikukuu ya mavuno, kutoka usharika rafiki wa huko huko Ulaya, na Mwalimu Elia akaona hapo ndipo pa kuwaonyesha kwamba Old Moshi tunajua. Wimbo wa shukrani, kwaya inaimba, na kwenye kiitikio Mashine anaingia na sauti ya tano. Jina sasa waliliita kwa heshima. "Mashine, pita mbele." Nilikuwa silali kwa furaha.

Siku ikafika. Kanisa limejaa ndizi, mahindi, kuku wamefungwa miguu chini ya madhabahu. Wageni wamekaa benchi la mbele, na mkubwa wao alikuwa mchungaji mzee, amewahi kukaa nchi hii zamani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. "Ndugu za-ngu wa-pendwa. Mimi ni-na furaha i-si-yo kifani." Tukasimama kuimba. Sauti ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kiitikio kikaja, nikapiga hatua mbele, nikafumba macho, nikafungua koo lote.

"Aikaaaaaaarrrrgh Ruwaaaaaaaarrrrgh!"

Kuku wote wa sadaka waliamka kwa pamoja. Mtoto wa mtu akaanza kulia nyuma, mwingine akamjibu. Mpiga tarumbeta alitoa sauti ambayo haikuwa kwenye wimbo. Nilipofumbua macho, mgeni mkubwa miwani imeshuka mpaka kwenye ncha ya pua, na binti mmoja wa Kizungu pembeni yake amejifunika uso na kijitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Nikajua wameguswa. Wamekumbuka nyumbani.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa mavuno, na Babu hakusubiri hata mkungu wa kwanza unadiwe. Alikwenda moja kwa moja kwa mgeni, amevaa koti, ameshika kaseti kwa mikono miwili, na kofia kaibana kwapani.

"Mchungaji, pole sana kwa msiba."

"A-sante. Msiba ga-ni?"

"Wa mchungaji mwenzenu. Koti lake ninalo. Tulimlilia."

Akampa. Mgeni akaangalia mizizi, akaangalia msalaba. Akaangalia nyuma, akamuona marehemu anapaa. Halafu, watu wote tunaangalia, akaigeuza kaseti. Polepole tu, kwa vidole viwili. Mtu akasimama. Msalaba ukaanguka.

Kuku mmoja alilia.

Akatueleza kwa kile Kiswahili chake cha pasi. Kwamba huyu hakuwa mchungaji. Kwamba ni kijana, yuko hai, na wenzake wengi. Hawalipendi kanisa, wamegeuza msalaba kwa makusudi, wanajipaka rangi ili wafanane na maiti.

"Wanajipaka," Babu akasema. "Wakiwa hai?"

"Ndi-yo."

"Na hakuna aliyekufa?"

"Haku-na."

Mama Ndeshi akaguna kwa nyuma: "Na ndizi zangu?"

Bibi akauliza, sasa kama hajafiwa, analia nini? Mgeni akainua macho kwenye jua. Akasema kwao jua linapotea miezi mizima wakati wa baridi, na vijana wengine wana huzuni ambayo hata wao hawajui imetoka wapi. Bibi akawageukia watu. "Si niliwaambia? Mfiwa." Na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyembadilisha. Kila jioni kwenye sala zake, akishamaliza sisi na ng'ombe, alikuwa anasema, "na yule mtoto wa giza kule, mfute machozi." Mimi nimeishi, nimesikia watu wengi wakijifanya kulia, hata kwenye misiba ya kweli. Yule wa upande wa pili, akivuta ile pumzi yake, alikuwa hajifanyi.

Lakini siku ile sikuwa nafikiria ya mtu mwingine. Mwalimu Elia alikuwa ameshapita mbele, shati limembana shingo, anaongelea kwa pua yote.

"Mnh! Mimi nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua! Nilinyamaza kwa heshima ya Mzee. Mnh! Haya ni mambo ya shetani, na huyu binti asikanyage tena kwaya yangu!"

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mikungu ya mnada. Safari hii sikuweza hata kucheka. Niliwaona wenzangu wa mstari wamesimama pamoja, na mimi huku na ndizi, na nikaziona Jumamosi zangu zote zinaondoka, zimebaki za majani tu. Babu alikuwa anavua koti, mkono umekwama kwenye mkono wa koti, hajui aangalie wapi. Mchungaji wetu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Bibi ndiye aliyetoka. Mgongo wake mnaujua, ulikuwa umepinda, akisimama ni kama anatafuta sindano. Akaenda mpaka kwa Mwalimu Elia, akamwangalia kwa chini.

"Elia."

"Mnh, Mama."

"Hao wamemkataa Mungu, wakapewa kinanda na kwaya nzima. Huyu anamtaka, wewe unamnyima benchi?"

Ninawaambia ukweli, hata mnadi alishusha mkungu. Mgeni mkubwa akatoa miwani akaanza kuifuta, na mchungaji wetu akainua macho kutoka kwenye viatu. "Mwalimu," akasema, "mama ameuliza."

Mwalimu Elia alifungua kile kifungo cha juu. Sikuwahi kukiona kimefunguliwa. Kumbe kule kuongelea puani kulikuwa ni kifungo, maana alipoongea sauti ilitoka kama ya mtu yeyote, tena ya mtu aliyechoka. "Lakini Mama, nitamweka wapi? Watoto anawafunika. Akina mama anawatisha. Hiyo sauti sina mahali pake."

"Mahali pasipo na watu je?"

Mwalimu akageuka. Akaangalia kule walikokaa besi wa kwaya ya wakubwa. Vijana wote wa besi walikuwa wamekimbilia Mererani kwenye mawe kama baba yangu, kahawa haina bei, nani abaki aimbe? Walibaki wazee watatu, na wakisimama kuimba, nusu ya wimbo ni kikohozi.

Jumapili iliyofuata nikaingia na gauni langu la kafa-ulaya limepigwa pasi, nikasimama mwisho wa benchi la besi, sijui nikae au nirudi. Mbele yangu magoti ya wazee, yananuka tumbaku na pombe ya mbege ya jana. Mzee Anaeli, aliyekuwa mkubwa wao na sikio moja halisikii, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye nywele zilizosukwa. Akageuka kwa wenzake, akaongea kwa ile sauti ya viziwi inayosikika mpaka madhabahuni.

"Sogeeni, sogeeni! Miaka yote tumekaa hapa vizee tupu, leo Ruwa ametuletea mwanaume!"

Wakasogea.